Daftari la Majina la Babu Stojan

Kwenye karatasi za serikali ya Ugiriki yule bibi aliitwa Evanthia, na kwa jina hilo aliolewa na kupata pensheni. Nyumbani alizaliwa Velika, jina la Kimasedonia. Sisi tutamwita Velika, maana hapa hakuna wa kutuchapa. Alipokuwa na miaka sita, asubuhi ya kwanza ya shule, mwalimu aliwapanga watoto ukutani akawagawia majina mapya, na aliyejibu kwa lugha ya mama yake alichapwa viganjani. Velika alichapwa mara mbili, akashika adabu. Mama yake, Sofka, aliyewahi kunyweshwa mafuta ya mbarika, yale ya kuharisha, kwa kuzungumza kisimani Kimasedonia, lugha yao iliyopigwa marufuku, alianza naye kumwita Evanthia hata jikoni, ulimi usije ukateleza mbele za watu.

Wengine huyasimulia haya kwa machozi. Velika hakuwa nayo. Kaka yake Lazo aliuawa milimani mwaka 1949, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, na maiti haikuletwa. Mumewe akafa, wanawe wawili wakahamia Melbourne, naye akaendelea kukamua mbuzi. Kijijini walisema ana roho ngumu. Uongo mtupu. Ilikuwa ganzi, kama ya mguu uliokaliwa tangu asubuhi.

Jambo moja tu lilimkera. Kila Jumamosi ya Wafu, kabla ya Kwaresima, wanawake huchemsha ngano, huitia sukari na kokwa za jozi zilizopondwa, na kuipeleka makaburini. Padri husoma majina ya marehemu, na kwa kila jina huwekwa kijiko kimoja cha ngano. Marehemu asiyeitwa haji mezani, hilo hata mtoto analijua. Lakini padri alisoma majina ya Kigiriki: Dimitrios, Sofia, Lazaros. Mwaka mmoja Velika alimwomba awaite baba, mama na kaka yake Mitre, Sofka, Lazo, kama walivyoitwa nyumbani. Padri akaikunja karatasi yake ya majina, akaitia mfukoni, akaenda kaburi jingine. Basi kwa miaka arobaini na kitu Velika aliamini kwamba analisha watu baki, na watu wake wanashinda njaa.

Majina yenyewe yalikuwepo. Babu yake Stojan, mwimbaji wa kanisa zama za Waturuki, alianza kuyaandika kwenye daftari kwa herufi za kwao, akaongeza kila aliyezaliwa hadi alipokufa mwenyewe: waliokufa mwanzoni, walio hai mwishoni, wote waombewe. Daftari hilo Velika alilificha ndani ya mzinga wa nyuki uliohamwa. Kulisoma hakuweza, kwa sababu shule ilimfundisha herufi za Kigiriki.

Majira ya baridi ya 1995 akaja Ratka, mwalimu wa chuo kikuu kutoka Skopje, mji mkuu wa Masedonia ng'ambo ya mpaka, ambaye mama yake alitolewa kijijini humo akiwa mtoto wakati wa vita vile vile. Velika akamtolea daftari, naye akalifungua pale pale mezani.

"Shangazi, tazama! Limeanzwa mwaka 1893, majina yetu, lugha yetu! Kuna watu wanasema hatukuwahi kuwapo. Huu hapa ushahidi!"

"Ushahidi unaliwa?"

"Hauliwi, shangazi, lakini—"

"Basi kula kwanza." Akamsogezea sinia la mkate wa liki, mboga ya jamii ya vitunguu.

Jirani yake Ristana, aliyekuja kuomba chachu na sasa hataki kuondoka, akacheka. "Mpe aende nalo, Evanthia. Ukifa litakuwa la panya, na panya wetu hawajasoma."

"Nitampa. Kesho ni Jumamosi ya Wafu. Atasoma makaburini majina yote, bila kuruka hata moja. Ndipo achukue."

"Na padri akisikia?" Ristana akauliza.

"Kwani mtu hufa mara ngapi?"

Kesho yake walingoja padri amalize na watu watawanyike. Theluji ilifika vifundoni. Velika alisimama kwenye kaburi la wazazi wake akiwa na bakuli, na Ratka akaanza. Kwanza Stojan wa kale, aliyerithiwa jina na babu, kisha Neda, Kuzman. Kila jina, kijiko.

"Hapa wanaanza walio hai, shangazi."

"Walikuwa hai. Soma."

"Mitre." Kijiko. "Sofka." Kijiko. "Lazo."

Mkono wa Velika ukasimama. Siku hii aliingoja tangu ujana, na sasa alingoja kitu kije, kilio, hata kikohozi tu. Hakikuja. Akaweka kijiko, akakisawazisha kwa kidole.

"Velika," Ratka akasoma. Lilikuwa la mwisho, na chini yake ukurasa ulikuwa mweupe.

Bibi akachota kijiko cha kujaa, akakiweka kwenye theluji kando ya kile cha Lazo.

"Shangazi! Si ndiwe huyu? Wewe uko hai!"

"Aliye hai ni Evanthia," alisema Velika. "Huyu alikuwa na miaka sita. Tangu asubuhi ile hajapewa kitu." Akapangusa kijiko kwenye aproni. "Msome tena, mwanangu, polepole. Hajaitwa siku nyingi, huenda asisikie."

Ratka akasoma tena, polepole. Bibi akangoja kidogo, akiangalia njia ya kutoka shuleni. Kisha akafunika bakuli.