Mkwe Mwenye Macho Makavu

Kabla ya sindano, nilikuwa bingwa wa matanga Kakamega nzima. Uhuru ulikuwa mchanga, nami karani wa ofisi ya ardhi. Mahindi yakichanua tu, macho yanavimba, pua inatiririka. Msiba ukitokea msimu huo, nililia kuliko wenye maiti. Watu walinisifia moyo wangu nami nikashukuru, maana utaanzaje kueleza habari za chavua, ule unga wa maua, kando ya kaburi?

Mzee mmoja aliniona nikilia matangani kwa jirani yake, akasema mwanamume wa hivyo hawezi kumpiga mke. Akanipa binti yake.

Kisha daktari mmoja akanianzishia sindano za chavua yenyewe, kidogo kidogo, miaka mitatu. Alisema chembe nyeupe za damu yangu ziliiona chavua kuwa adui, basi tuzionjeshe mpaka zizoee. Siku hizi mjukuu wangu, aliyesomea mambo hayo, ananiambia si kuzoea tu: baadhi ya chembe hizo hugeuka zikawa za kuzituliza nyingine. Mimi wakati huo nilijua tu kwamba ninapumua.

Baba mkwe akafa mwezi wa Juni, mahindi yamechanua kila upande. Kwetu mkwe huingia langoni na fahali wake, akilia wote wamwone. Niliingia na fahali. Sauti nilitoa, ila chozi hata la dawa sikupata. Nilimpenda mzee yule, jamani, na uchungu nilikuwa nao. Shemeji zangu walinitazama usoni, wakampokea fahali, mimi wakaniacha nimesimama pale pale.

Jioni nilimfuata mke wangu nyuma ya jiko, alikokuwa akichambua mboga ya mrenda. Nilimweleza yote, chavua na sindano, nikidhani ukweli utaniokoa. Alisikiliza bila kuinua kichwa.

"Kwa hivyo siku ile baba alipokuona, hukuwa unalia."

Nikakubali kwamba sikuwa nalia.

Alichambua majani mengine mengi. Kisha akauliza polepole, "Na mtoto wetu? Yale machozi yako siku tulipomzika?"

"Tulimzika Januari," nikamwambia. "Shamba lilikuwa tupu. Hakukuwa na ua hata moja."

Mikono yake ilitulia juu ya ungo. Alisogea kwenye kibao alichokalia, akanipa nafasi, nikaketi kando yake, tukachambua mrenda uliobaki.