Kipande cha Muhogo Kilichobaki

Lori la samaki likiegesha mbele ya kibanda changu hapa Mtito Andei, harufu ya papa mkavu hunifikia kabla ya salamu ya dereva. Hapo huacha kupanga machungwa, nikayahesabu upya, ingawa nimetoka kuyahesabu. Wateja hunicheka. Wacheke. Wao hawajawahi kuachwa baharini.

Kwetu Ikutha, miaka hiyo ya sabini, watoto hawakuhesabiwa. Susu, nyanya yetu, alisema ukiwanyooshea watoto kidole na kutaja namba, umeshamchagua wa kufa. Tulitazamwa kwa jicho tu, kama ugali unavyotazamwa kama umeiva.

Mjomba Mutuku alikuwa mlinzi wa mashua ya tanga ya Mzungu mmoja huko Kilifi. Mzungu aliposafiri kwao, Mjomba akaamua mashua ni yake, akatuita watoto wa dada zake likizo ya Agosti. Sisi ambao maji tuliyajua ndani ya mtungi! Alituzungusha nyuma ya rasi, tukaingia ghuba ndogo iliyofichwa na mikoko, mahali ambapo vyombo hukimbilia bahari ikichafuka. Humo maji yalitulia kama chai kikombeni. Akatia nanga, akatuvusha hadi mchangani kwa kihori, kimtumbwi cha makasia, wachache wachache.

Kulikuwa na kaa wenye gando moja kubwa, na tope lenye harufu ya yai viza. Niliingia kati ya mikoko na viatu vyangu vipya vya plastiki, tope likameza kimoja. Mama alikuwa ameapa: nikija na kimoja, nisije. Nikapiga magoti, nikachimba.

Ndunge, binti wa mama mkubwa, mkubwa kwangu kwa umri, akanipita.

"Mwende, Mjomba anaita."

"Mwambie angoje, natoa kiatu!"

"Nitamwambia," akasema, akaenda zake bila haraka.

Nilipotokea na kiatu mkononi, tanga lilikuwa limeshapanda. Nikapiga kelele, upepo ukazipeleka kwingine. Kisha maji yaliyokuwa yamekupwa yakaanza kurudi. Sikuogopa mara moja. Mto wa kwetu ukijaa, wewe unapanda ukingoni, unangoja upite. Basi nikapanda mkoko, nikangoja bahari ipite. Haikupita. Ilifika magotini, ikafika kiunoni, nami nimekumbatia tawi, nimeng'ata kiatu.

Kule mashuani Mjomba alikuwa ameuliza, "Mko wote?" na Ndunge akajibu, "Wote, Mjomba." Kwisha. Safari. Njiani Mjomba akagawa muhogo wa kuchemsha uliofungwa na mkewe, mtu wa Pwani asiyejua miiko yetu, aliyehesabu kila kitu. Kipande kimoja kikabaki.

"Hiki ni cha nani?"

"Nipe mimi," Ndunge akasema, akapewa. Akiwa bado anatafuna, Kioko, mdogo wangu, akaanza kulia: "Hicho ni cha Mwende!"

Kihori kilinifikia maji yakiwa kidevuni. Cha kwanza nilichopokea ni kofi la Mjomba. "Kwani unataka nifukuzwe kazi?" Cha pili ni onyo: mama yako asijue. Ndunge akanifunika leso, akaniita maskini, mdomo ukinuka muhogo. Nikamwambia asante. Fikirieni! Asante.

Miaka yote hiyo niliamini alisahau tu. Habari ya muhogo Kioko alinipa nikiwa tayari na watoto wangu, ndipo nikaelewa. Mtu aliyesahau angeshangaa kwa nini kipande kimebaki. Ndunge hakushangaa. Alijua mwenye kipande ni nani, na alijua hatakihitaji.

Krismasi iliyopita akashuka hapa na wajukuu wake, wanaenda Mombasa. Akataka machungwa, na kupunguziwa kwa sababu ya undugu.

"Ya nini kupunguza? Kila mtoto chungwa lake, bure," nikasema. Nikawapanga mstari, nikanyoosha kidole. "Mmoja. Wawili. Watatu…"

"Mwende, wacha!"

"Wanne." Halafu nikarudi mwanzo, polepole, maana mimi huhesabu mara mbili.

Akamvuta yule mdogo nyuma ya sketi yake.

"Ni wote?" nikamuuliza.