Mwaliko kwenye Nyonga ya Mtoto

Nilipofanya kazi kwa wakala wa forodha pale Malaba, neno la Kiingereza "click" nililijua kama kubonyeza tu. Bonyeza hapa, hati za lori ziende; bonyeza pale, dereva avuke. Wenzangu ofisini walilitumia pia kwa mambo ya moyo: ukisema wewe na fulani mme-"click", basi mmepatana.

Kisha nikajifungua binti. Kule kliniki, nesi alimlaza kitandani, akamkunja magoti, akayapanua taratibu. Akarudia mguu wa kushoto.

"Kuna click hapa," akasema.

Nikamuuliza nibonyeze nini. Hakucheka. Alichukua kiganja changu akakiweka juu ya paja la mtoto, akausogeza mguu tena, nami nikahisi kitu kidogo kikialika ndani, kama kidole kinapovutwa kikalia. Akaeleza kwamba mara nyingi mwaliko huo si kitu, ila wakati mwingine ni mfupa unaotoka kwenye kikombe chake na kurudi. Picha ya nyonga ndiyo ingesema. Akanituma Busia mjini.

Mama mkwe alikuwa ametoka Angurai kuja kuniangalia baada ya uzazi. Aliuliza mtoto ana ugonjwa gani. Nikafungua kamusi kwenye simu, nikasoma kwamba neno lenyewe lilitokana na kuiga sauti, kama sisi tunavyosema chubwi kitu kikitumbukia majini. Maana nyingine ilikuwa kuelewa jambo ghafla. Mimi sikuelewa lolote. Nilitafuta ugonjwa, nikapata mlio.

Mama mkwe akasema basi tumfunge miguu pamoja, inyooke. Tayari alikuwa ameshika leso ya kumfungia. Nikamnyang'anya mtoto kwa nguvu. Hatukuwahi kukosana kabla ya hapo. Alienda kukaa nje, na chakula hakukigusa.

Hata hivyo tulienda Busia pamoja. Picha ilionyesha kikombe cha nyonga hakina kina cha kutosha. Daktari alimvisha mikanda ya kumweka miguu kama chura, akatuonya: kumfunga miguu pamoja kungemharibu; kumbeba mgongoni, miguu ikiwa imepanuka, ndiko kuzuri. Mama mkwe alisikiliza akitazama sakafu. Tulipotoka akasema, "Ningemvunja, mwanangu."

"Hukujua, mama. Hata mimi sikujua."

Majuma ya mikanda yalikuwa marefu. Kanisani wanawake walimtazama mtoto, kisha mimi, kana kwamba nimemfanyia jambo. Mikanda ilipotolewa, picha ya pili ilikuwa nzuri zaidi, lakini daktari alisema hatasema amepona mpaka amwone akitembea.

Mama mkwe alirudi kwake. Hupiga simu kila Jumapili, na kabla ya salamu huuliza kama mtoto amesimama. Juzi mtoto alijivuta kwenye kigoda, akasimama, akaegemea zaidi mguu wa kulia, ule mzima. Bado sijamwambia bibi yake.