Tulivyoibariki Nyumba ya Saltley

Aibu hii bado mbichi. Mwenye nyumba moja ya mtaa wa Saltley alipokubali bei yangu, nilijua miaka saba ya zamu za kutunza wazee imezaa matunda. Kumbe hapa Uingereza, kabla ya mikataba kukamilika, muuzaji anaweza kugeuka. Sikuuliza, mimi mjuaji. Jumapili nikawapeleka mchungaji na akina mama wa kanisa waibariki. Kwa kuwa funguo sijapewa, tukaimba nje mvuani, mchungaji akaupaka mlango mafuta.

Mlango ukafunguliwa. Mwenye nyumba, Mhindi mzaliwa wa Kisumu, akangoja tuseme amina.

"Pole sana, dada," akaniambia kwa Kiswahili. "Juzi nilimkubalia mtu mwingine. Wakala wa nyumba hajakupigia?"

Nyuma yangu mama mmoja akauliza, "Sasa hii nyumba tumembarikia nani?"