Ndizi za Esteri Zimefukiwa na Nani?

Hakuna mtu Kasulu nzima anayeijua pombe ya ndizi kumzidi mwandishi wa habari hii. Kuinywa, lakini. Anayejua kuipika ni Theodosia wa Nyakitonto, na hata kwenye kuinywa wapo mashahidi wanaosema mwandishi husinzia kabla kibuyu hakijafika nusu.

Asubuhi, umande haujakauka. Theodosia amesimama nyuma ya nyumba yake, mikono kiunoni, anacheka peke yake. Mbele yake kuna shimo. Jana aliliacha wazi, tupu, akaenda sokoni Kasulu. Leo amelikuta limejaa, limefunikwa kwa majani ya mgomba na udongo juu, kama linavyofunikwa siku zote.

Humo ndimo ndizi mbichi zinamovundikwa zikaiva. Zikiiva humenywa, hukamuliwa kwa nyasi kwenye mtumbwi wa gogo, hutiwa unga wa mtama uliokaangwa, na kinachofuata Waha wote wanakijua.

Pembeni mwa shimo kuna vibonyeo viwili, vya magoti.

"Mwanamke wa huku akifukia ndizi huinama," anasema huku akifuta machozi ya kicheko. "Anayepiga magoti ni mwanamume mwenye kiuno kibovu. Na kiuno hicho nakijua, mkewe huja hapa kukiombea dawa."

Anayesemwa ni Pasikali, jirani yake wa nyumba ya tatu. Pasikali anataka kumwoza binti yake Esteri kwa Kipriani, mfugaji wa Kibondo aliyefiwa na mke. Kijiji kizima kinajua kwamba Esteri hataki. Alishalisema kisimani, na jambo likisemwa kisimani halihitaji redio.

Sasa shimo linaingiaje? Theodosia ana sharti lake. Hapiki pombe ya harusi mpaka bibi harusi mwenyewe aje, peke yake, bila baba wala shangazi, afukie ndizi kwa mkono wake. Akiziacha hapo ukingoni akaondoka, basi. Hakuna ndizi mbivu, hakuna pombe. Na huku hakuna mzee atakayekaa kumtoa binti huku koo lake ni kavu. Wapika pombe wenzake wote wa kijiji wamelikubali sharti hilo, kwa hiyo baba akikataliwa hapa hana mlango mwingine wa kubisha.

Sharti hilo halimletei utajiri. Harusi moja humpa kama shilingi sitini, akitoa kuni na mtama zinabaki za chumvi na sabuni. Akikataa kupika, hata hizo hazioni.

"Lakini usiku nalala," anasema.

Yeye hakuulizwa. Alipelekwa Kibondo akiwa msichana, mjomba kashika mkono huu, kaka kashika ule. Anasimulia bila uchungu, kama anayesimulia mvua ya zamani iliyobomoa jiko. "Waliimba vizuri sana. Waimbaji sina lawama nao. Mimi nililia mpaka nikakosa kiitikio."

Mumewe alikuwa mzee wa meno machache na maneno mengi. Kitu kizuri Theodosia alichokipata katika nyumba ile ni mama mkwe, aliyemfundisha kupika pombe akimwambia kwamba mwanamke mwenye mtungi wake haombi ruhusa ya kucheka. Mume alipofariki, Theodosia alirudi Kasulu na mtumbwi wa gogo kichwani. Watu walipohamishiwa vijijini, alikuja nao Nyakitonto, akachimba shimo kabla ya kuezeka nyumba.

Wasichana wengi huja kwa furaha. Yuko aliyefukia kwa pupa mpaka akafukia na jembe, likatafutwa siku nzima. Yuko pia aliyesimama ukingoni akafikiri sana, kisha akasema mwanamume hamtaki ila pombe angeitaka. Alipewa kibuyu, akarudi kwao akiimba.

Siku hizi mazungumzo hapa uani ni ya sheria. Sheria ya ndoa ya mwaka sabini na moja inataka hiari ya wote wawili, hilo limesemwa hata redioni. Kinachobishaniwa ni kama serikali imkamate baba anayelazimisha. Wazee wanasema serikali ibaki kwenye pamba na kahawa, mabinti ni wa wazazi. Hilali mwenye duka na lori amewajibu kwamba hata msikitini kwao mwali huulizwa, na baba anayemjibia anajidanganya.

Theodosia aliulizwa akiwa anakamua. Hakuacha kukamua.

"Baba akiiba mbuzi mnampeleka polisi. Akimtoa mtoto wake kwa nguvu mnampa mrija anywe. Iwe kosa, na afungwe. Mimi shimo langu linazuia kijiji kimoja tu, na siku nikifa watalipanda mihogo."

Mzee mmoja akasema baba akifungwa nani atalima? Theodosia akamjibu kwamba hata sasa anayelima ni mama, kwa hiyo shamba halitajua kama baba hayupo. Wanawake walicheka mpaka mzee naye akacheka.

Anachotamani ni kuona hilo likisimamiwa na serikali, yeye abaki mpishi tu. Baada ya mavuno anataka kuchimba shimo la pili, kwa sababu anaamini wasichana wakiachiwa wachague, harusi zitaongezeka. "Watu wakipendana hunywa zaidi," anasema. "Nimechunguza."

Mchana lori la Hilali linafika kutoka Kibondo. Anashuka Kipriani, kofia mkononi, mtu mpole asiyejua pa kuiweka miguu yake. Hajafika hata kwa Pasikali, anakuja moja kwa moja uani kwa Theodosia, anasalimia kwa Kiha, "Mwakeye," anapewa kigoda, anakaa.

Pasikali anafika akitweta. Alikuwa ameandaa maneno yake, hilo linaonekana. Anawaambia wote waliokusanyika kwamba leo ni siku ya baraka, kwamba mama Theodosia sasa awashe moto, maana sharti lake limetimizwa na ndizi zimo shimoni.

"Zimefukiwa na nani, jirani?" anauliza Theodosia.

"Na bibi harusi. Nani mwingine?"

"Lini?"

"Jana jioni, jua likizama. Wewe ulikuwa hujarudi sokoni. Nilimwona mimi baba yake, kwa macho haya. Amefukia, amenawa mikono, akaniambia, baba, mimi namtaka Kipriani."

"Na sasa yuko wapi, tumsikie?"

Pasikali anasema leo alfajiri ameondoka kwenda Buhigwe kwa shangazi yake, kuazima kitenge cha harusi.

Watu wanamtazama Kipriani, kama wanaompa pole au hongera, bado haijajulikana. Kipriani anaigeuza kofia yake, anaitazama ndani, kisha anainua uso.

"Baba mkwe, umesema jana jioni?"

"Jana jioni, mwanangu."

"Jua likizama?"

"Likizama kabisa."

"Basi nisaidie," anasema Kipriani taratibu. "Jana jua likizama Esteri alikuwa kwetu Kibondo. Alikuja peke yake, amekula ugali na mama yangu, akaniambia mbele ya mama yangu kwamba mimi ni mtu mwema lakini hanitaki. Nimemkubalia. Leo nimepanda naye lori kuja kukuambia wewe, na kumwambia mama Theodosia asipike. Yuko pale dukani kwa Hilali, anakunywa chai."

Theodosia anavitazama vile vibonyeo viwili vya magoti.

Pasikali anapapasa kiuno chake kibovu. Anatazama shimo, anatazama njia ya dukani, anamtazama Kipriani.

"Basi," anasema, "itakuwa ni juzi."