Sahani tupu, chati safi, na bado nilikaribia kumuua mgonjwa: yaliyonipata wadini Nakuru

Wakuu, salamu kwenu nyote, mlio nyumbani na mlio zamu.

Haya nitakayoandika sikusimuliwa na mtu. Niliyafanya mimi kwa mikono hii inayobonyeza simu. Nimebadilisha majina tu, basi. Ukitaka kuniita mjinga kwenye comments, karibu, mimi mwenyewe nimeshajiita mara nyingi kabla yako.

Mimi ni mwanafunzi wa nursing, mwaka wa pili, ninaishi Kaptembwo. Nilikuwa attachment, yaani mafunzo ya kazini, katika hospitali moja ya hapa Nakuru, jina naliacha, wadi ya upasuaji ya akina mama.

Wiki yenyewe ilianza vizuri sana. Jumatatu asubuhi mwalimu wetu alitupa mtihani mdogo. Swali la tatu: taja dalili nane za sukari kushuka mwilini. Nikaziandika zote nane kama maji. Jasho, kutetemeka, kuchanganyikiwa, hasira zisizo na sababu, na kadhalika. Nikapata alama zote. Nikapiga picha ile karatasi nikaweka status.

Shikeni hapo, kwa sababu bado huwa naona aibu nikikumbuka ile status.

Kwenye kitanda cha kumi na moja kulikuwa na gogo mmoja kutoka Rongai. Gogo ni nyanya kwa Kikalenjin, na wadi nzima ilimwita hivyo. Mama wa miaka sabini hivi, mkulima wa mahindi, mpole, kitambaa kichwani kila saa. Alikuwa na kisukari cha miaka mingi, na kidonda kwenye vidole vya mguu wa kushoto kilichokataa kupona. Alikuwa anadungwa insulini asubuhi na jioni, na antibiotic kupitia kanula, ule mrija mdogo wa kwenye mshipa.

Mimi ndiye niliyepewa gogo. Namaanisha kumpima, kumwosha kidonda, kumdunga na kujaza chati yake, sister wa zamu akinisimamia. Gogo alikuwa ananiita daktari. Wagonjwa wana tabia hiyo, mwanaume yeyote mwenye koti jeupe ni daktari. Sister Njeri, aliyenisimamia, amefanya kazi miaka mingi kuliko umri wangu na bado wanamwita "sister", halafu mimi mtoto wa juzi ndiye daktari. Sikuwahi kuwasahihisha. Ilikuwa inanipendeza, niseme ukweli.

Sasa fuateni hesabu ya sukari yake, maana hapa ndipo wanafunzi wenzangu mnafaa kusoma polepole.

Jumanne asubuhi nilimpima nikapata 17. Juu, lakini ndivyo alivyokuwa tangu alazwe.

Jumatano asubuhi, 11.

Alhamisi asubuhi, 5.8.

Wakuu, nilifurahi! Siku tatu tu sukari imekuwa ya mtu mwenye afya. Kwenye ward round daktari wa zamu akaangalia chati akasema, "Good, good." Nikavimba kichwa. Nilijiona kama mimi ndiye niliyeitengeneza hiyo insulini.

Hakuna aliyeuliza swali moja rahisi: dozi haijabadilika, kidonda bado kina usaha, na kidonda chenye usaha hupandisha sukari. Basi inashuka kwa nini?

Sister Njeri peke yake ndiye aliyekaribia. Kabla sijadunga ile Alhamisi, aliniangalia juu ya miwani akaniuliza, "Huyu anakula vizuri?"

Nikamjibu, "Anamaliza sahani, sister."

Na sikudanganya. Kila nilipopita baada ya chakula, sahani ya gogo ilikuwa tupu, imefutwa hata mchuzi. Kikombe cha chai kitupu. Mkate hakuna. Kwenye chati nilikuwa naandika "amekula yote" na kuweka tiki safi. Gogo mwenyewe alikuwa ameoga, amejipaka mafuta, anatabasamu. Ungemwona ungesema huyu anaenda harusini.

Nikadunga dozi nzima. Sister akatia sahihi.

Saa sita na nusu ni saa ya wageni. Gogo akaja kutembelewa na watu wa kanisa lao kutoka Rongai, akina mama watano na pasta. Wakazunguka kitanda wakaanza wimbo, sauti ya chini kwa sababu ni hospitali. Mimi nilikuwa upande wa pili na mashine ya pressure.

Ghafla nikasikia gogo anapiga kelele.

Gogo yule mpole! Alikuwa ameketi wima, kitambaa kimeanguka, macho yametoka, anamsukuma mama mmoja kifuani na kutukana kwa lugha yao. Najua ni matusi kwa sababu wale akina mama walifunika midomo. Nguo ya hospitali ilikuwa imelowa mgongoni.

Pasta akainua mkono. "Kuna kitu hapa kinapinga maombi. Tushikane mikono!"

Nikasogea haraka. Na mama mmoja akanivuta. "Daktari, umeokoka?"

Nikasema ndiyo, nimeokoka. Na ni kweli, mimi ni mlokole, naimba kwaya tangu nikiwa darasa la nne.

"Basi ungana na sisi."

Wakuu, nikaungana nao.

Nilifumba macho nikaomba. Mkono wangu mmoja ulikuwa umeshikwa na mama wa kanisa. Mwingine ulikuwa umeshika mkono wa gogo. Ulikuwa baridi, unatetemeka, na umelowa jasho mpaka unateleza. Nilikuwa nimeshika kiganjani dalili tatu kati ya zile nane nilizopatia alama zote siku tatu nyuma. Na mimi nikawaza moyoni, nguvu za Mungu zimeshuka hapa.

Sijui ilikuwa dakika ngapi. Mbili, tatu, labda nne. Mgonjwa wa hivyo hana dakika nne za kugawa.

Gogo akaanza kunyamaza. Mkono ukalegea. Mama mmoja akasema "asante Yesu", akidhani ametulia. Mimi pia nilidhani ametulia.

Aliyetuokoa ni jirani wa kitanda cha kumi na mbili. Tumwite Mama Tasha. Alikuwa amevunjika paja kwa ajali ya boda boda, mguu umening'inizwa kwa kamba na mawe, hawezi kushuka. Akapiga ukelele uliokata maombi katikati:

"Daktari! Wacha kuomba! Huyu mathe hajakula tangu juzi!"

Nikafungua macho. "Anakula. Sahani zake..."

"Ni mimi nakula! Chakula yake yote nakula mimi! Ananipea asubuhi na lunch, anasema nisiambie mtu, ati amefunga!"

Nikamwangalia gogo: macho nusu, mdomo wazi, anakoroma kwa sauti mbaya.

Nilikimbia kuchukua kipimo cha sukari na nikarudi nikiita sister kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Nikamchoma kidole. Ile mashine huchukua sekunde chache tu, lakini siku hiyo niliona inahesabu miaka.

1.6.

Kwa wasio wa fani hii: chini ya 4 tayari ni shida. 1.6 ubongo unazimika kama taa ya koroboi iliyoishiwa mafuta.

Sister Njeri alifika hajauliza kitu. Akaangalia namba, akaangalia gogo, akasema, "Dextrose, asilimia hamsini, sasa." Nikaenda nikarudi. Tukampindua ubavu, yeye akijaribu kanula kwanza kwa maji ya chumvi kuona kama inapita. Ilipita. Akasukuma ile dawa ya sukari polepole, anahesabu kwa mdomo. Pasta ndiye aliyeshikilia kichwa cha gogo.

Nilikuwa nasema moyoni, gogo usife. Usife kwa sababu yangu.

Baada ya muda gogo akapepesa macho. Akakunja uso. Akauliza, "Kwa nini nyinyi wote mnanisimamia?"

Mama mmoja wa kanisa akaanza kulia. Akatuambia kwamba wao walijua gogo amefunga siku tatu, walikuwa wanafunga naye kutoka kule nyumbani. "Lakini hatukujua anadungwa sindano ya kushusha sukari. Tulijua ni dawa ya kidonda."

Oneni hiyo. Kanisa lilijua gogo amefunga, halikujua anadungwa. Sisi tulijua anadungwa, hatukujua amefunga. Mama Tasha alijua gogo hali chakula, lakini alidhani hataki tu chakula cha hospitali na kufunga ni kisingizio, na pia njaa ilikuwa inamuuma, tusimlaumu. Jioni gogo alikuwa anafungua kwa kikombe cha uji. Kile kikombe ndicho kilichomfikisha Alhamisi.

Na mimi ndiye ningefaa kujua kuliko wote. Kwetu walokole mtu akifunga hatangazi. Anaoga, anajipaka mafuta, anacheka na watu kama kawaida. Nimelelewa hivyo! Mama yangu hufunga hivyo hivyo. Nilimwona gogo anang'aa siku tatu mfululizo na sikushtuka.

Tulipompima tena baada ya robo saa alikuwa 7. Sister akaniita kando. Nilitarajia kelele. Hakupaza sauti hata kidogo, ningeona afadhali angepaza.

"Nilikuuliza kama anakula. Wewe ukanijibu kuhusu sahani," akasema. Halafu akaongeza, "Na mimi nikakubali. Twende tukaandike sisi wawili."

Tukaandika ripoti, jina langu na lake. Daktari akapunguza dozi.

Nilidhani aibu imeisha hapo. Kumbe ile kubwa ilikuwa bado.

Nilirudi kwa gogo na uji wenye sukari. Akafunga mdomo. Akakataa kabisa! Kesho yake Ijumaa ndiyo siku ya upasuaji, akasema, na kufunga kwake hakujakamilika. Nikamwambia gogo, usipokunywa huu, sukari itashuka tena na safari hii unaweza kufa. Akasukuma kikombe kando.

"Heri nife na mguu yangu."

Nikamuuliza, mguu umefanya nini?

"Si mnakata kesho? Kila asubuhi mnakuja watu kumi, mnafunua, mnaongea Kizungu, mnafunika, mnaenda. Nilikuuliza wewe Jumatatu ukiosha kidonda. Nikasema, daktari, hii mguu watakata? Ukaniambia, tuombe tu Mungu, gogo. Sasa mimi nikaomba."

Wakuu, ni kweli. Aliniuliza, na nilimjibu hivyo. Nilikuwa nimelisahau kabisa lile jibu, kwa sababu kwangu halikuwa jibu, ilikuwa njia ya kutoka. Sisi hulitumia kila siku. Mwanafunzi haruhusiwi kutoa habari za upasuaji, sister yuko mbali, daktari ameshaenda, basi unamsukumia Mungu mgonjwa wako unaendelea na kitanda kinachofuata.

Na kibaya zaidi, nilikuwa najua. Nilikuwa nimesimama pale pale kwenye ward round nikiandika. Mpango ulikuwa kuondoa vidole viwili. Vidole viwili vidogo vya mguu wa kushoto! Mguu hakuna aliyeutaja.

Nilimwita Sister Njeri, sister akamwita daktari, daktari akaja na kiti. Nilimwona kwa mara ya kwanza tangu nifike wadi ile akiketi. Akafunua mguu, akamwonyesha gogo kwa kidole mahali penyewe, kwa Kiswahili. Hapa na hapa. Hivi vitatu vinabaki. Kisigino kinabaki. Utatembea, utaenda shambani.

Gogo aliangalia vidole vyake. Halafu akatuangalia mmoja mmoja, daktari, sister, na mwisho mimi. Macho yake yalikuwa na hasira, na safari hii ilikuwa hasira ya mtu mwenye akili timamu.

"Vidole mbili?" akasema. "Nimeshinda njaa siku tatu kwa sababu ya vidole mbili?"

Daktari akafunika mguu.

"Leta hiyo uji. Na ni baridi sasa, nenda upashe moto."

Nikaenda nikapasha moto. Nikamshikia kikombe mpaka akamaliza, sikuondoka, sikuangalia kando.

Upasuaji ulifanyika baada ya siku chache, sukari ilipotulia. Gogo alirudi Rongai na vidole vinane na mguu wake mzima.

Somo langu mimi ni hili, na sitalipamba. Yale maswali ya mtihani yanayosema "mgonjwa anatoka jasho na amechanganyikiwa, utafanya nini kwanza" sote tunayapata. Karatasini hakuna kwaya, hakuna pasta, na hakuna mama anayekushika mkono na kukuuliza kama umeokoka. Siku hizi nikiona mtu wa kisukari amebadilika tabia, napima kwanza, halafu kuomba naomba nikiwa nimeshika kipimo. Mungu hakasiriki. Na kabla sijadunga namuuliza mgonjwa mwenyewe ameweka nini mdomoni. Sahani siiulizi tena.

Mgonjwa akiniuliza jambo nisiloruhusiwa kujibu, namwambia, "Sina ruhusa ya kukujibu, ngoja nimlete mwenye jibu." Halafu naenda namleta. Wengine wadini wanaona nawasumbua. Wacha nisumbue.

Walio kwenye fani, nikosoeni, hasa mlio na miaka mingi kazini. Na nyinyi mliowahi kulazwa, semeni: ni swali gani mliuliza mkaambiwa muombe Mungu, na baadaye mkagundua kuna mtu pale alikuwa na jibu?