Vipande Vitano vya Bafta

Kuna watu aibu yao ni kuanguka kwenye dimbwi mbele ya wakwe. Yangu mie ni kwamba nilichora masanduku na mishale, kwa makapeni nyeusi isiyofutika, juu ya sanda ya bibi mwenye nyumba wangu, halafu nikaitundika mbele ya wagonjwa na wauguzi na kuwakaribisha waje wachore na wao. Sanda yenyewe mwenye nayo alikuwa hai, na anatembea, na alikuwa njiani anakuja. Leo naweza kusimulia bila kuficha uso, ila nitasimulia taratibu, kwa sababu nikikimbia nitaruka mahali panaponiuma, na hapo ndipo penye kisa.

Ilikuwa miaka ya tisini, wakati ambao kila mwenye vyumba viwili vya ziada Temeke alifungua saluni, duka au zahanati. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na kupata kazi kwa Bwana Mhina, aliyekuwa na kampuni ya kuandika programu za kompyuta (kampuni ni neno kubwa: tulikuwa watu watatu na kompyuta mbili, juu ya duka la vipuri). Bwana Mhina alikuwa mtu wa rula. Kwake programu haiandikwi hata mstari mmoja mpaka kazi yote ya mteja ichorwe kwanza kwenye karatasi, kila hatua na sanduku lake, kila mshale na namba yake, na kila ukurasa mteja autie sahihi. Nikamuuliza, "Bosi, na mteja akiwa amesahau kitu?" Akanijibu bila kuinua macho, "Mteja akishatia sahihi, hajasahau." Kitabu cha mwisho alichochora hivyo, kinene kama msahafu, nilikikuta kwa mteja mwenyewe kimewekwa chini ya mguu wa feni ili isiyumbe.

Mie sikukubali. Tangu mdogo kule Tukuyu nilikuwa wa kubisha, mama alinichoka, walimu walinichoka. Nilisema mchoro ni swali, si jibu: unachora kidogo, vibaya vibaya, unamwonyesha anayefanya kazi yenyewe, anakucheka, unafuta, unaandika programu kidogo, unarudi tena kuchekwa. Na uchore kwa chochote kilicho karibu, ili usione uchungu kukitupa. Siku hizi nasikia mambo hayo yana majina makubwa na watu wanapanda ndege kwenda kuyafundisha. Mie wakati ule nilikuwa nayaita kuuliza tu. Kumbukeni neno hilo.

Basi Bwana Mhina akasafiri kwenda kwao Lushoto, na kazi ya zahanati ya Daktari Urio ikaniangukia peke yangu. Daktari alitaka kompyuta imtunzie kadi za wagonjwa, maana zilikuwa zinapotea kila wiki. Nikamweleza njia yangu, akaipenda, akasema, "Jumamosi saa nane nakukusanyia wauguzi wote, na wagonjwa watakaokuwepo nao wasikie. Kadi ni zao."

Nilikuwa nimepanga chumba kwa Bi Zuhura, mitaa mitatu kutoka zahanati. Mjane, mtu wa pwani hasa, mwembamba, wa maneno machache na yote yana uzito. Alinipenda kama mwanawe. Wiki ya kwanza nilipomwomba shuka akaniambia, "Atupele, kasha lile pale kwenye ukumbi. Ukitaka shuka fungua, chukua. Mwenye kuombaomba ndani ya nyumba ni mgeni, na wewe si mgeni." Nilijua pia kwamba kila ukitokea msiba wa mwanamke mtaani walikuja kumwita, naye akachukua mkasi wake na kwenda. Mie niliyehoji mpaka kwa nini jogoo wa jirani anawika saa saba mchana, sikuwahi kuuliza mkasi ule ni wa nini.

Jumamosi, saa sita, nikatazama michoro yangu (nilikuwa nimeichora nyuma ya karatasi za printa zilizokwisha tumika, zile zenye matundu pembeni) na ndipo nikatambua kwamba ukumbi mzima wa zahanati hauwezi kuona sanduku lenye ukubwa wa kiganja. Nilihitaji karatasi za manila. Karatasi za manila zilikuwa Tandika. Jua lilikuwa kali. Kasha lilikuwa hapo hapo, hatua sita. Uamuzi wenyewe ulikuwa mdogo hivyo.

Bi Zuhura alikuwa ametoka kwenda kumjulia hali jamaa yake. Nikafungua kasha, nikapekua mashuka ya maua maua, yote hayafai, mpaka chini kabisa, ndani ya kanga iliyofungwa vizuri, nikakuta bafta. Nyeupe, mpya, imekunjwa, inanukia udi na kafuri. Nikasema moyoni, kumbe bibi naye anaogopa mende! Mama kwetu anaweka vile vidonge vyeupe kwenye sanduku la nguo, nikaona ni mambo yale yale. Na haikuwa bafta moja, vilikuwa vipande vitano vilivyokatwa tayari, na mie mchoro wangu ulikuwa na sehemu tano: safari nzima ya mgonjwa, mapokezi, daktari, maabara na dirisha la dawa. Nani angekataa? Kipande kimoja kilikuwa na tundu katikati, limekatwa safi kabisa. Hilo nilijiuliza ni la nini, na nikajijibu mwenyewe (ndiyo kasoro yangu, swali nikijiuliza sisubiri mtu mwingine). Nikalifanya dirisha la dawa. Nilichora fremu kulizunguka na mshale wa kuingia na wa kutoka, nikasimama mbali kidogo nikajipongeza.

Saa nane vipande vyote vitano vilikuwa vimetundikwa kwa vibanio kwenye kamba, kutoka ukuta hadi ukuta. Daktari akasema hajawahi kuona kitu kinachoeleweka namna ile. Mie na wafanyakazi wa zahanati sote tulikuwa watu wa bara, Sista Anjela wa Songea, mwingine wa Singida, na Daktari mwenyewe wa Machame. Kwenye mabenchi ya wagonjwa ndiko walikokaa wenyeji.

Nikaanza. Nikawaonyesha mgonjwa anavyoingia, nikasema hapa nimekosea hakika, njooni mnisahihishe. Sista Anjela akasita kushika makapeni. "Nitachafua," akasema.

"Chora, kata, usiogope," nikamwambia kwa sauti ya kufika mpaka nje. "Ni kitambaa tu!"

Ikaenda vizuri ajabu. Sista akaukata mshale mmoja, akasema mjamzito hapangi foleni hii, anapita hapa, na akachora mwenyewe. Yule wa Singida akaniambia maabara yangu imekaa nyuma ya daktari, wakati wenye homa hupimwa damu kwanza. Bwana Mhina angehitaji miezi na sahihi nyingi kuyajua yale, mie nimeyapata kwa nusu saa! Nilikuwa na furaha kiasi kwamba sikuyatazama mabenchi vizuri. Mzee mmoja alisimama, akatikisa kichwa, akatoka nje (nikadhani amechoka kukaa). Akina mama walikuwa wamejifunika midomo kwa kanga (nikadhani wameguswa).

Mwishowe mmoja wao, Bi Mgeni, jirani yetu, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, nani kafa?"

Kwenye pembe ya kipande cha kwanza nilikuwa na sanduku la kadi zinazofungwa, pamoja na za marehemu. Nikafurahi kwamba mtu amelisoma. "Hajafa mtu bado, mama," nikamjibu. "Hapa ni kwa mfano tu."

Na hapo ndipo Bi Zuhura akaingia, na kikapu chake, kuja kupimwa presha kama kila Jumamosi ya pili.

"Shikamoo Bi Zuhura!" Daktari akamwita kwa bashasha. "Njoo uone kazi ya binti yako!"

Aliitikia marahaba, akaweka kikapu chini. Akapita kipande kwa kipande, polepole, kama mtu anayekagua dagaa. Alipofika kwenye dirisha la dawa akapitisha vidole viwili kuzunguka tundu.

"Tundu hili nimelikata mie," akasema.

"Ndiyo bibi, nimevitoa kashani, si ulisema..."

"Nilisema shuka."

"Hii si shuka?"

Alinijibu Bi Mgeni kutoka kwenye benchi: "Sanda hiyo, mwana. Sanda ya mtu."

Makapeni ya Sista Anjela ilianguka, nikaisikia ikiviringika sakafuni mpaka ilipogonga ukuta. Daktari alikaa.

Bi Zuhura akaweka kidole kwenye sanduku moja kubwa. "Hapa umeandikaje?"

Nilitamani nisijue kusoma. "Nimeandika... 'Mgonjwa anasubiri kuitwa.'"

Mtu mmoja nyuma alijizuia akashindwa, na kicheko chake kikafungulia vya wengine.

"Enhe," akasema Bi Zuhura, bila kucheka. "Malaika Munkari na Nakiri watakaponijia kaburini kuniuliza Mola wangu nani, niwaambie wasubiri, nimepangwa foleni na Atupele? Niwapitishe maabara kwanza?"

Ukumbi ulikufa kwa kicheko. Kijana mmoja akaongeza, "Na kasema ni kitambaa tu, bibi, tumemsikia!" Kicheko kikakatika.

Akavishusha yeye mwenyewe, kimoja kimoja, hakutaka nimsaidie. Alipokuwa anakunja cha mwisho akasema kwa sauti ndogo, kama anakiambia kitambaa, "Mume wangu, Mzee Shabani, alivileta kutoka hija. Kavichovya kwenye maji ya zamzam kwa mikono yake, akavianika mwenyewe, akaniletea. Na mie ninayewakatia wenzangu wote mtaa huu, nikaikata yangu mwenyewe, maana nani atanikatia?" Ndipo nikajua mkasi ule ni wa nini.

Akapimwa presha. Ilikuwa imepanda. Daktari akamwandikia dawa na kumwambia apumzike, na wote wakanitazama mie.

Jumapili kutwa nilikuwa uani, nikivifua vipande vile. Sabuni ya mche, limau, chumvi, jua, tena sabuni. Wino ukatawanyika ukawa mawingu ya zambarau, na katikati ya mawingu neno "Mapokezi" likabaki linasomeka vizuri kuliko nilivyoliandika. Bi Zuhura alikuwa kitandani, mlango wazi, anasikia kila ninavyosugua. Aliyekwenda hija alishafariki. Kuchovya kule kulikuwa kwa mara moja tu duniani. Nikaenda nikakunja nguo zangu kwenye begi, kisha nikasimama mlangoni kwake.

"Bibi, naona nihame. Nina mwenzangu Kimara."

"Kwa nini?"

"Aibu."

"Aibu haihamwi. Utafika nayo Kimara." Akajigeuza kuniangalia. "Kaa. Kesho nenda Kariakoo ukaninunulie bafta. Yadi ngapi, unajua?"

Nilifungua mdomo nijibu. Mie ni mtu wa kujibu, tayari nilikuwa nimeanza kupiga hesabu ya vipande vitano. Nikaufunga.

"Sijui, bibi. Yadi ngapi?"

Akaketi kitandani. "Leo umeniuliza ukangoja jibu," akasema. "Mara ya kwanza tangu uhamie hapa."

Jumatatu alasiri nikamletea. Akaamka, akachukua mkasi, akaniambia, "Simama hapo, tunalingana kimo. Mikono chini." Basi nikasimama katikati ya ukumbi, msichana wa Kimoravian kutoka Tukuyu, nikipimwa sanda. Hakutumia rula wala utepe. Alininyooshea bafta kuanzia utosini mpaka kupita vidole vya miguu, akaweka alama kwa ukucha, akapunguza, akaongeza, akaniuliza kama tundu la shingoni linatosha.

"Bibi, na maiti si haoni kama panabana?"

"Ndiyo maana anapimwa yu hai," akasema. "Akishalala hakwambii kitu, yote atakubali." Nikawakumbuka wateja wa Bwana Mhina waliotia sahihi.

Bi Mgeni akaleta kichupa cha zamzam kilichobaki kwake, nusu kidole, wakainyunyizia sanda mpya wawili wale huku wakisoma dua. Sikujua kama inatosha na nikauliza. Bi Zuhura akasema, "Nia yake mzee ilikuwa nizikwe nikiwa nimekumbukwa. Sasa hivi mtaa mzima unaikumbuka sanda yangu." Midomo ikamcheza, na hicho kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu Jumamosi. Wiki mbili baadaye presha ilikuwa imeshuka.

Kazi ya zahanati niliimaliza, kwa karatasi za manila, nimezifuata Tandika kwa miguu yangu. Bado nachora vibaya vibaya na bado nawaita watu waje wakate mishale yangu. Ila nimeapa, na kiapo hiki sijakivunja: siweki kalamu juu ya kitu mpaka nimemuuliza mtu wa karibu kitu hicho ni cha nani na ni cha nini, hata kama kinaonekana ni karatasi.

Vile vipande vya zamani nilimuuliza bibi tuvifanyeje. Akasema kwenda navyo hawezi, kuvitupa haifai, basi ni vyangu. Ninavyo mpaka leo, kwenye kanga ile ile, chini ya mashuka yangu. Kafuri nimetia mwenyewe, na sasa najua si ya mende.